Kariakoo: maghorofa yamemjenga nani, yamemwondoa nani

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, na kuua watu zaidi ya 20, mjadala wa siku nyingi ulirudi kwa nguvu mpya. Upande mmoja ulisema haya ndiyo tuliyojitafutia: mtaa wa watu tumeugeuza ghala, nyumba za Kiswahili tumezivunja, tukasimamisha maghorofa juu ya viwanja visivyoyamudu, na sasa tunazika. Upande wa pili ukajibu kwamba kosa la jengo moja lisibebeshwe mtaa mzima. Maghorofa hayohayo, walisema, ndiyo yaliyowatoa wajukuu wa wenye nyumba kwenye ufukara, na jiji lenye watu zaidi ya milioni tano haliwezi kuacha kitovu chake kikae na nyumba za chini kama mwaka 1950.

Nimezisikia hoja hizi misibani, kwenye kahawa na maofisini, na zote mbili nazipa uzito. Tatizo langu ni kwamba zote zinabishania urefu wa jengo. Ukiifuata historia ya Kariakoo tangu viwanja vyake vilipopimwa, jambo linalojirudia ni jingine kabisa. Karibu kila utawala uliopita hapa ulikuwa na la kumwambia mwenye kiwanja, liwe jema au baya. Aliyepanga chumba hakuambiwa kitu. Na Kariakoo, kwa sehemu kubwa ya umri wake, ilikuwa mtaa wa wapanga vyumba.

Viwanja vidogo, wenyewe wengi

Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba. Kando ya bahari yalitakiwa majengo ya mtindo wa Kizungu, nyuma yake majengo mengine ya kudumu, na mbali zaidi nyumba za udongo na makuti. Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia, walikuwa wamekwishapata ardhi ya shamba upande wa magharibi wa mji, wakapima viwanja vidogovidogo kwenye mitaa iliyonyooka, na jengo la soko likaanza kusimama. Nia yao ilikuwa kuwatoa Waafrika katikati ya mji na kuwahamishia huko.

Vita ikakatiza mpango. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina la mtaa likatokana na kambi hiyo. Baadaye Waingereza waliuendeleza mpango ule badala ya kuufuta. Katika miaka ya 1920 mji ukawa na kanda tatu, ambazo wakazi waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotajwa ni afya, yaani kuweka nafasi ya kuzuia maradhi. Kwa mtu wa Kariakoo uwanja ule ulikuwa mpaka.

Kwa hiyo tukubaliane mapema: Kariakoo ilizaliwa kwa ubaguzi. Anayeililia Kariakoo ya zamani kana kwamba ilikuwa pepo iliyoharibiwa na wafanyabiashara anapaswa kukumbuka kwamba mpango wake ulichorwa ili watu fulani wakae mbali na watu wengine. Nyumba ilikuwa mali yako, lakini ardhi ilikuwa ya Serikali, nawe ulilipia kiwanja mwaka hadi mwaka.

Lakini mpango huohuo uliacha jambo moja ambalo wabishani wa leo wanalipita haraka. Viwanja vilikuwa vidogo, vimenyooka, na vilishikwa na watu wengi tofauti. Hapakuwa na bwana mkubwa mmoja aliyemiliki mtaa mzima, wala kampuni, wala familia ya kitajiri. Alikuwapo fundi cherehani mwenye kiwanja chake, askari mstaafu mwenye chake, mwanamke aliyejenga kwa akiba ya biashara ya chakula naye ana chake. Karne moja baadaye, yote tunayoyaona Kariakoo, mazuri na mabaya, yanatokana na hilo. Mfanyabiashara mwenye fedha aliyetaka kuingia Kariakoo alilazimika kubisha hodi kwenye mlango wa mtu.

Na mlango huo ulikuwa wa nyumba ambayo wengi wetu tunaijua. Mbele baraza, kisha mlango, kisha ukumbi unaopita katikati hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna uani: jiko, bafu, choo cha shimo, na pengine mabanda mengine ya kupangisha. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha, kila chumba kaya yake. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ilikuwa pensheni ya watu ambao hakuna mwajiri aliyewawekea pensheni, wakiwamo wanawake wasio wachache.

Zimebaki chache. Moja ninayoifahamu imebanwa na maghorofa mawili, kulia na kushoto, kiasi kwamba jua linagusa uani kwa muda mfupi tu mchana. Baraza imekatwa vibanda viwili vya kuuza kava za simu na chaja. Ukumbini bado kuna sakafu ya saruji nyekundu, imelainika katikati kwa miguu ya miaka mingi na kubaki na ukwaruzo pembeni. Uani, mama anayekaanga maandazi ameziba jiko lake kwa kipande cha bati, maana viyoyozi vya jengo la jirani vinadondosha maji mchana kutwa. Vyumba vitatu kati ya sita vimejaa maboksi ya viatu. Mwenye nyumba hajauza wala hajaingia ubia, wanandugu hawajaelewana.

Mtaa uliotoa siasa na mpira

Wanaoitetea Kariakoo ya nyumba za chini wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Makazi yale yalitengeneza watu wa namna yake. Ukikaa nyumba yenye kaya sita, Mzaramo mlango huu, Mmanyema ule, Mnyamwezi yule pale mwisho, mkachota maji pamoja na kuzikana pamoja, kabila linapungua makali bila mtu kuhutubia. Chama cha Waafrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na kwenye jengo lake la New Street, ambao leo ni mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 alipokelewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, hukuhuku Kariakoo. Timu mbili zinazoigawa nchi kila msimu nazo zina mizizi hapa na Jangwani: Yanga ya mwaka 1935, Simba ya mwaka 1936 iliyopitia majina kadhaa kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971.

Haikutokea kwa bahati. Baraza ilikuwa wazi kwa mpita njia, na kodi ya chumba iliweza kulipwa na kijana aliyetoka bara jana yake. Mtaa ambao kijana asiye na kitu anaweza kuingia, akalala, na kesho akakaa barazani na wazee, ndio unaozaa vyama. Ghorofa lenye mlango wa chuma na mlinzi halina nafasi hiyo. Hoja hii siioni kama hisia za wazee.

Ila maisha ndani ya vyumba vile yalikuwa magumu, na wasimuliaji wengi huruka hapo. Vyumba vilifurika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, watu walipomiminika mjini na nyumba zisiongezeke kwa kasi hiyo. Choo cha shimo kilikuwa hatua chache kutoka jikoni. Ukali wa maisha ya mjini, kodi ya nyumba ikiwamo, ndio uliokuwa nyuma ya mgomo wa makuli wa bandari mwaka 1947, uliosambaa hadi nje ya Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ilijibu msongamano kwa kupima maeneo mapya, Magomeni na Temeke. Kariakoo yenyewe iliachwa ijipange.

Pale mpangaji alipokumbukwa

Uhuru ulileta Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba duni na kujenga bora mahali palepale. Ni nia njema, lakini sehemu kubwa ya nyumba zilizojengwa miaka ile zilichukua nafasi ya zilizobomolewa, hivyo vyumba vya mji havikuongezeka kama ilivyotarajiwa. Aliyekuwa na nyumba alipata nyumba. Aliyepanga alitafuta kwingine.

Mwaka 1971 ukaja utaifishaji wa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikalii lote liliweza kutwaliwa, na yaliyotwaliwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Walioguswa zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Kwa waliopanga kwenye majengo hayo, msajili alikuwa neema: kodi ilibaki chini, na familia nyingi zilikaa humo hadi watoto wakapata watoto. Baadaye sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake ya nyumba, ilimpa mpangaji mahali pa kulalamikia akipandishiwa kodi kiholela au kutupiwa vitu nje.

Hapa upande wa wenye nyumba una haki ya kusikilizwa. Kodi isiyotosha kununua rangi haiwezi kununua mabomba. Majengo yaliyotaifishwa yalichakaa mbele ya macho yetu. Ngazi zilimomonyoka, paa zilivuja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyakarabati, si mwenye jengo wala aliyepanga. Kipindi hicho ambacho mpangaji alilindwa kwa sheria ndicho kipindi ambacho nyumba zenyewe hazikuhudumiwa. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Naelewa kwa nini ilifutwa. Nisichokielewa ni kwa nini hapakuwekwa kitu badala yake, kana kwamba kati ya kodi ya kugandishwa na mpangaji asiye na kinga hakuna njia nyingine inayopitika.

Wakati huohuo soko lilikuwa likiuvuta mtaa kuelekea upande mwingine. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lililopinda kama miavuli iliyogeuzwa, linalokinga maji ya mvua, lilikuwa kazi ya fahari kwa nchi changa. Lilijengwa kulisha jiji: ndizi, viazi, samaki, mbegu. Lakini soko la jiji zima likiwekwa katikati ya mtaa wa makazi, mtaa wa makazi hauwezi kubaki hivyohivyo. Kila mtaa unaolizunguka ulianza kupandishwa thamani na miguu ya wanunuzi.

Frem ilikuja kabla ya ghorofa

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa zikaanza kuingia: mitumba, vitenge, vyombo, redio. Baadaye wafanyabiashara wakazoea njia ya Dubai, kisha ya Guangzhou. Wanunuzi wakaja kutoka mikoani, halafu Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho jana alilala karani na mkewe, kikatobolewa ukuta na kuwa frem, yaani chumba cha duka. Frem moja ikaingiza kodi kuliko vyumba vyote vya nyuma kwa pamoja, na juu ya kodi kukawa na kilemba, ile fedha unayompa anayeiacha, au mwenyewe, ili tu upate nafasi ya kuingia.

Mpangilio huu wa matukio ndio unaopotea kwenye mjadala. Tunasema maghorofa yaliwaondoa watu Kariakoo. Yalikuja wakati watu wanaondoka tayari. Vyumba vya kulala vilianza kufa chumba kimoja kimoja, ndani ya nyumba zilezile za bati, kwa sababu mzigo ulilipa kuliko binadamu. Hata leo tukipiga marufuku ujenzi wa ghorofa mpya, hatutamrudisha mpangaji hata mmoja. Nyumba ya chini iliyobaki itamalizika kuwa stoo, kama ilivyo ile niliyoieleza. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kuzuia urefu wanapambana na kitu ambacho si chanzo.

Ghorofa lenyewe lilikuja kwa njia ya ubia, na ubia unastahili kuelezwa vizuri kwa sababu ndiyo hoja kubwa ya wanaoitetea Kariakoo ya leo. Wanandugu wamerithi nyumba. Wana kiwanja cha thamani kubwa lakini hawana fedha, na benki haiwakopeshi kirahisi kwa kiwanja ambacho mirathi yake haijakamilika. Anakuja mwekezaji mwenye fedha asiye na ardhi. Wanaandikiana: yeye anajenga, wanagawana ghorofa au frem, au anaendesha jengo kwa miaka kadhaa hadi arudishe fedha zake kisha sehemu kubwa inarudi kwao. Wakati wa ujenzi anawalipia pango Tabata au Mbagala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kuendeleza upya Kariakoo ukaruhusu majengo marefu juu ya viwanja vilevile vya zamani, na mashine za zege hazijanyamaza tangu hapo.

Utaratibu huu una jambo la kujivunia, na nalisema bila kusita. Kwenye miji mingi duniani, kitovu kikipanda thamani, wenyeji hupewa fedha kidogo na kusahaulika. Kariakoo, familia nyingi ambazo babu zao walisukumwa huko na mkoloni zimebaki na sehemu ya jengo, zinasomesha watoto kwa kodi ya frem, na jina lao lipo kwenye hati. Viwanja vidogo vya Wajerumani vilivyokusudiwa kuwatenga ndivyo vilivyowapa nguvu ya kukaa mezani. Nani angependa wabaki na bati la kutu ili sisi wengine tupate cha kukumbuka?

Lakini meza hiyo ina viti viwili tu. Mikataba mingi iliandikwa na upande mmoja wenye wakili na mwingine usio naye. Miaka ya mwekezaji haikuwekwa wazi, atakayelitengeneza jengo likichakaa hakutajwa, na ndugu mmoja akisaini bila wenzake kesi inakula miaka. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayomwezesha kila mwenye ghorofa kuwa na hati ya sehemu yake na kuwafanya wenye sehemu wote kuwa na chombo cha kusimamia ngazi, paa na mabomba wanayochangia. Ingeweza kuwaokoa wengi, kama ingetumika tangu siku ya kwanza ya mkataba badala ya kukumbukwa baada ya ugomvi.

Na mpangaji? Hayumo kwenye mkataba kabisa. Anaambiwa nyumba inavunjwa, anapewa muda, anafunga godoro. Sijawahi kusikia mkataba wa ubia wenye kifungu kinachomtaja. Kisheria hakuna kosa. Yeye si mwenye mali, naye mwekezaji si shirika la misaada.

Vyumba vya kulala vilivyojaa marobota

Wanaotetea maghorofa husema makazi hayakupotea, yamepanda juu: chini maduka, juu watu. Kwenye michoro ni kweli. Ukipanda ngazi mambo hubadilika. Ghorofa ya pili frem, ya tatu frem, ya nne stoo, ya tano stoo, na madirisha ya sebule ambayo hayajawahi kuona pazia yamezibwa na maboksi. Wabeba mizigo wanapishana kwenye ngazi zilizopimwa kwa familia, kila mmoja na robota mgongoni. Familia zipo bado, lakini ni za wale wanaomudu kodi inayoshindana na biashara.

Hapo ndipo suala la makazi na suala la usalama yanapokutana, ingawa tunayajadili kama mambo mawili. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa takribani kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, yaani watu, vitanda, kabati na meza. Marobota ya nguo au maboksi ya vigae yakipangwa hadi karibu na dari yanapita kiwango hicho mara kadhaa. Mhandisi aliyesaini michoro hakukosea. Alisanifu jengo jingine. Kwa lile la Novemba 2024 mashuhuda walisimulia kuwa chini kulikuwa kukichimbwa ili kupata nafasi zaidi ya biashara, na Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi wa nguzo ni wa lazima. Ila timu yoyote itakayopima zege bila kuuliza kila ghorofa inatumika kwa kazi gani itakuwa imepima nusu ya hatari.

Miundombinu nayo ilipimwa kwa mtaa mwingine. Mifereji na mabomba ya majitaka yalikusudiwa nyumba za chini, na mvua za masika hutukumbusha hilo kila mwaka. Moto ulioteketeza soko kuu usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliwaka kwenye jengo linalosimama peke yake, lenye barabara pande zake. Kwenye mitaa ya ndani, ambako meza za machinga na maguta yamebana njia hadi mtu apite kwa ubavu, sijui kama gari la zimamoto lingefika hata nusu ya njia.

Wengine hutoa mfano wa Magomeni Kota kuonyesha njia bora, nami naukubali kwa sehemu. Pale kaya 644 zilizokuwa zimepanga nyumba za Serikali ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, na maghorofa mapya yakazinduliwa Machi 2022 huku kaya hizohizo zikipewa nafasi ya kurudi. Mpangaji aliandikwa jina, akahesabiwa, akarudishiwa mlango. Kwa Dar es Salaam hilo ni jambo kubwa. Lakini walisubiri takribani miaka kumi wakitangatanga, na ardhi ilikuwa ya mwenyewe mmoja, Serikali. Kariakoo ina mamia ya wenyewe. Kinachoiwezesha Kariakoo kujijenga haraka bila kusubiri bajeti ndicho hichohicho kinachofanya pasiwe na mtu wa kuwahesabu wanaoondoka.

Msimamo wangu basi ni huu. Sitaki nyumba za chini zirudi, wala sitaki familia zenye viwanja zinyimwe faida ambayo zimeisubiri vizazi vitatu. Nataka kibali cha ujenzi kiseme ghorofa zipi ni za kuishi, na jengo likaguliwe kila baada ya muda kuona kama bado zinakaliwa na watu. Ikiwa mwenye jengo anataka stoo, alete hesabu ya mhandisi inayoonyesha sakafu inamudu, na alipe ada itakayofanya chumba cha kulala kisiwe hasara mbele ya robota. Na mabaraza ya nyumba yarudi kwa sura nyepesi: yasipange kodi, bali yasimamie muda wa notisi na fidia ya kuhama kwa mpangaji ambaye nyumba inavunjwa akiwa ndani.

Nitaambiwa kwamba hatua hizi zitaongeza gharama na kuwakimbiza wawekezaji. Kwa viwanja vya watu binafsi, sehemu ya hofu hiyo ina ukweli, na huenda tukahitaji kuanza polepole. Lakini kuna mahali ambapo kisingizio hicho hakipo. Shirika la Nyumba la Taifa linamiliki majengo mengi ya zamani Kariakoo, mengine yametokana na utaifishaji wa 1971, na mwaka 2022 lilizindua sera yake ya ubia ili sekta binafsi ijenge kwenye viwanja hivyo. Mikataba hiyo ni ya umma. Shirika linaweza, bila kusubiri sheria mpya, kuweka sharti kwamba kila jengo jipya liwe na ghorofa kadhaa za vyumba vidogo vya kupangisha kwa kodi ya mtu wa kipato cha kawaida: muuza duka, mshona nguo, kijana wa stoo anayerudi Chanika saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili awahi kufungua frem ya tajiri wake. Kabla mkataba unaofuata haujasainiwa, majina ya waliopanga kwenye jengo linalovunjwa yaandikwe na yawekwe kama kiambatisho chake.